Mwanamke Aliyekimbia Bila Mzigo

Siku Théogène alipomwona yule mwanamke kwa mara ya kwanza, mvua ilikuwa imekatika alfajiri na ukungu ulikuwa bado umelala juu ya barabara ya kijiji cha Kingi, mashariki mwa Kongo. Yeye alikuwa amekaa kwenye gogo lake, mkono mmoja juu ya kamba ya bariere, ule mti uliolazwa kukata barabara. Malori mawili ya Fuso yalikuwa yamesimama mbele ya mti, madereva wamevuta makoti hadi masikioni, wakingoja udongo ukauke. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, bariere ya mvua. Mvua ikinyesha, mti unashushwa na magari yanangoja ili yasiichimbe njia. Njia ikikauka, mti unainuliwa. Watu wa miguu na pikipiki wanazunguka pembeni. Kazi ile ilimfaa kwa sababu haikuhitaji maneno. Théogène alikuwa mtu wa miaka arobaini na saba ambaye, akisalimiwa na watu wawili kwa pamoja, hakujua amjibu nani kwanza, akaishia kuangalia viatu vyake.

Basi akaona mwanamke anatoka kwenye ukungu, upande wa Masisi-centre, anakimbia.

Alikuwa mwanamke mnene, wa miaka kama arobaini hivi. Mkononi hana kitu. Mgongoni hana mtoto, kichwani hana sufuria. Alivaa suruali ya kiume, na juu yake amefunga kikwembe kifupi kwa ajili ya macho ya watu, na miguuni alikuwa na viatu vya tenisi vilivyomzidi ukubwa. Alipofika kwenye mti akazunguka kupitia mtaroni, akapanda tena barabarani, akateremka upande wa pili bila kumtazama mtu.

Na wao hawakumtazama yeye. Walitazama nyuma yake, kule alikotoka.

Dereva wa kwanza alikuwa ameshawasha gari. Libérata, aliyekuwa akiuza chai na mahindi ya kuchemsha kando ya bariere, alinyanyua sufuria yake ya moto akaiweka kichwani bila hata kata.

“Papa Théogène, uko unangoja nini?” alisema. “Haukuona hana mzigo? Muntu akikosa hata dakika ya kubeba sufuria, ujue balishafika.”

Alisema kweli. Katika miaka ile, na huo ulikuwa mwaka wa 2007, watu wa Kingi walipima umbali wa vita kwa mizigo ya wanaoikimbia. Wakipita watu wenye magodoro, mbuzi na mlango wa nyumba, vita iko mbali, una muda wa kula kwanza. Wakipita wenye sufuria na watoto, funga vitu vyako. Akipita mtu mikono mitupu, hapo hakuna cha kuuliza. Kabla chai ya madereva haijapoa, Kingi nzima ilikuwa kilimani katikati ya migomba.

Théogène alibaki. Baadaye watu walimsifu kwa ushujaa, naye hakuwa na ulimi wa kuwaeleza kwamba alibaki kwa sababu alitaka kuona kitakachokuja nyuma ya yule mwanamke. Walikuja ng'ombe wawili waliokata kamba, kisha jua. Baada ya saa moja na nusu mwanamke yule yule akarudi, bado anakimbia, polepole zaidi, akielekea kule kule alikotoka.

Udadisi ukamshika hapo. Mtu kukimbia hatari, hilo alilijua. Lakini mtu anayeikimbia hatari, akafika mahali, akageuka, akairudia kwa mbio zile zile, huyo alikuwa hajamwona tangu azaliwe. Alifungua mdomo amuulize. Mwanamke alikuwa ameshapita.

Siku tatu baadaye alikuja tena, na nusu ya kijiji ikapanda mlima huku nusu nyingine imesimama mlangoni na mafurushi. Mara ya tatu ilikuwa siku ya soko. Bibi Mukamurenzi, mzee kuliko wote pale, ambaye kila mtu alimwita koko, alikurupuka na ng'ombe wake, akateleza kwenye ganda la ndizi na kuvunjika kifundo cha mkono. Safari hiyo hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. Mwanamke aliporudi alimkuta kapita Viateur, mkuu wa kijiji, amesimama katikati ya njia, na nyuma yake watu kama thelathini. Théogène alikuwa pembeni, ameshika kamba yake.

“Mama, weye ni wa wapi,” aliuliza kapita, “na uko unakimbia nini?”

Mwanamke alishika magoti kwanza, akavuta pumzi. “Mie ni Kasoki. Niko na butike kule Masisi-centre, nauzisha chumvi na vikwembe. Siko nakimbia kintu, kapita. Niko nafanya antrenema.”

“Antrenema ya nini?”

“Ya kukimbia.”

Watu walitazamana.

“Kumbe uko unajifunza kukimbia,” alisema Libérata. “Ungekuja kutuuliza siye. Hapa hata batoto ba kunyonya banajua.”

Walicheka, na Kasoki akacheka nao, na labda kicheko hicho ndicho kilichomwokoa siku ile. Akaeleza. Alizaliwa karibu na Butembo, akaolewa na mfanyabiashara, akaja naye Masisi na marobota mawili ya nguo. Mume alikufa, marobota yakazaa duka. Mwanzoni mwa mwaka alipeleka sabuni Kitshanga, kwenye kambi ya wakimbizi. Mvua ilinyesha siku hiyo. Akaona mwanamke anajifungua chini ya turubai lililochanika, na wanawake wanne wamesimama kwenye pembe zake, wameinua mikono, wakilishikilia ili maji yasimwagike juu ya mzazi. Mmoja wa wale wanne alikuwa na mimba yake mwenyewe. Kasoki alishika pembe moja mpaka mtoto akatoka.

Aliporudi aliwaomba wafanyabiashara wenzake wa Butembo waliokuwa Masisi-centre mabati ya kuezekea nyumba ya uzazi. Kila mmoja alikuwa na sababu yake. Kisha, kwenye karamu ya komunyo ya kwanza ya mtoto wa mtu, Valentin, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi, alimwambia mbele ya wageni wote: “Kasoki, weye kupanda tu mulima wa kanisa unakaa mara mbili. Siku utakimbia kutoka Masisi mpaka Kitshanga, nitatoa bati moja ju ya kila kilometa.” Wageni wakacheka, na wenzake watatu, kwa utani ule ule, wakasema na wao wataongeza lao. Lakini padri alikuwa mezani. Alitoa daftari mfukoni, akaandika, akawauliza kama wanathibitisha. Mbele ya padri na mbele ya nyama ya bure, nani angekataa? Wakaweka sharti: hakuna kutembea, hakuna kukaa, hakuna kusimama, na Valentin na padri wangemfuata nyuma kwa pikipiki kuhakikisha. Tarehe ikawekwa, Jumamosi ya katikati ya mwezi wa sita. Ilikuwa bado wiki saba.

“Kwa hiyo unakimbia ju ya mabati,” alisema kapita.

“Njo hivyo.”

Kapita Viateur alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. “Mama Kasoki, mambo ya nyumba ya kuzalia ni mazuri. Lakini angalia mukono wa huyu koko. Hapa Kingi hakuna tena kukimbia. Tembea. Ukimaliza nyumba ya mwisho, kimbia mpaka uchoke na roho yako.”

“Ile siku yenyewe nikitembea hatua moja, Valentin atasema imeisha. Mabati yanabaki mu depo yake.”

“Basi pitia fasi ingine.”

Kila mtu alijua kwamba fasi nyingine haikuwepo. Juu kulikuwa na msitu, na msituni kulikuwa na watu wenye bunduki ambao hawangengoja kuelezwa maana ya antrenema. Chini kulikuwa na kinamasi. Kasoki alitazama barabara, akatazama mkono wa Mukamurenzi, akasema, “Koko, unisamehe,” akaondoka akitembea. Théogène aliona viatu vyake kwa nyuma. Visigino vilikuwa vimejazwa vitambaa ili visichomoke.

Usiku ule na siku zilizofuata Théogène hakuweza kuiacha ile habari. Kitu kimoja hakikukaa sawa kichwani mwake. Watu wanakimbia kila siku pale Kingi. Wanafunzi wanakimbia kengele ikilia. Wanaume wanakimbiza ng'ombe. Wanawake wakianika mihogo wanakimbia wakiona wingu. Hakuna anayeogopa. Basi yule mwanamke alikuwa na nini? Libérata alisema mzigo, lakini hata mwanafunzi aliyechelewa anakimbia bila mzigo na hakuna anayefunga godoro.

Théogène alikuwa ameishia darasa la sita, na tangu hapo hakuna aliyemwomba afikiri jambo mpaka mwisho wake. Sasa alilifikiri hili kwa raha, akiwa kwenye gogo, siku nne. Kila aliyepita mbio alimtazama: miguu, mikono, uso. Siku ya nne mwanafunzi mmoja alipita akihema, akasema bila kupunguza mwendo, “Jambo papa, nimechelewa.” Théogène alisimama. Alikaa. Alisimama tena, akafunga kamba kwenye nguzo yake, akaenda nyumbani kwa kapita, jambo ambalo hakuwahi kulifanya bila kuitwa.

Kapita alikuwa anakula na wazee wawili. Théogène alisimama mlangoni, akaongea na mguu wa meza.

“Kapita, nimekimbia vita mara sita,” alisema. “Sijamuona hata siku moja muntu wa kukimbia vita akisalimia.”

Kapita aliinua macho kutoka kwenye sahani.

“Endelea,” alisema kapita.

Hakuwa na cha kuendeleza. Alikuwa amemaliza yote. Mmoja wa wazee ndiye aliyemsaidia. “Anasema kweli. Mie nilipita mbele ya mama mukwe wangu mwenyewe. Mpaka leo ananikumbusha.”

Kapita alitafuna kwa muda mrefu. “Basi asalimie,” alisema mwishoni. “Kila nyumba. Na asalimie kwa jina, si jambo-jambo ya kutupatupa. Sauti itangulie mbele ya miguu. Akiruka nyumba moja, anatembea.”

Hivyo Théogène akajikuta mwalimu. Jumapili baada ya misa Kasoki alikuja kukaa kwenye gogo lake, na Théogène, akiangalia mtaro, alimtajia nyumba moja baada ya nyingine, kutoka daraja la kwanza hadi mti wa mwisho wa mikaratusi. Zilikuwa nyumba thelathini na moja. Hakutoa majina tu. Alikuwa amekaa pale miaka kumi na mbili akitazama bila kusema, na sasa alishangaa kugundua vitu vingapi vilikuwa vimejaa ndani yake.

“Ya tatu ni Koko Mukamurenzi. Ng'ombe yake iko na mimba. Muulize ng'ombe kwanza, mukono baadaye. Ya kumi na moja, mwenye nyumba ni kiziwi, umuonyeshe mukono. Ya kumi na ine ni Mama Uwamwezi. Bwana yake alikwenda kuchimba madini kule Omate, Walikale, mwaka unaisha hana habari. Usimuulize bwana. Muulize maharagwe.”

“Na weye, Papa Théogène, uko nyumba ya ngapi?”

“Mie siko nyumba. Mie niko bariere.”

Kasoki alimtazama kidogo, kisha akaendelea kurudia majina kwa vidole. Théogène alikuwa na swali lake mwenyewe, nalo lilimchukua muda mpaka likatoka.

“Ukiwa unakimbia,” alisema, “unafikiria nini?”

“Nafikiria fasi ya kukaa,” alisema Kasoki.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Kupanda mteremko wa Kingi na kusema kwa wakati mmoja ni kazi mbili zinazogombea pumzi moja. Kufika nyumba ya kumi sauti yake ilitoka kama mlio wa filimbi. “Leo salamu imefika bila mwenyewe,” Libérata alimtania. “Au ni mwenyewe alifika bila salamu?” Lakini hakuna aliyekimbia. Watu walisimama milangoni wakingoja zamu yao, na akikosea jina walimrekebisha kwa kelele nyumba nne nzima.

Kisha likaja lalamiko jingine, nalo lilitoka kwa Mukamurenzi. Alikwenda kwa kapita na mkono wake shingoni. “Huyu mama ananiuliza ng'ombe yangu iko namna gani, halafu anaenda. Anamuuliza nani? Nikifungua kinywa nakuta mugongo.” Na wengi wakaunga mkono: kuuliza habari ya mtu na kutosubiri jibu lilikuwa tusi jipya ambalo hata jina halikuwa nalo.

Wakakubaliana hivi. Akienda, anauliza. Akirudi, anajibiwa. Kwa hiyo kila asubuhi Kingi ilipata muda wa saa moja na nusu kutengeneza jibu, na watu walilitengeneza hasa. Walioulizwa habari ya mtoto walimleta mtoto. Mukamurenzi alikuwa na jibu refu kuliko wote, lenye ng'ombe, mkono, ndoto ya usiku na mambo ya jirani, na kwa kuwa Kasoki alikuwa anajizoeza kutosimama hata mara moja, alilisikiliza lote huku akikimbia mahali pamoja mbele ya mlango, kama mtu anayekanyaga udongo wa matofali. “Ndiyo, koko. Eh. Ndiyo, koko.” Libérata alisema ile ndiyo antrenema yenyewe, kilometa ni mchezo.

Théogène aliyaona yote kutoka kwenye gogo. Aliona mwili wa Kasoki ukipungua kiunoni na kukaza mapajani. Aliona kwamba sasa anapita nyumba ya ishirini na sauti bado ni yake. Na asubuhi moja aliona kitu kilichomfanya asimame. Kasoki, akipanda, alifika nyumba ya kumi na nne na hakuuliza maharagwe.

“Mama Uwamwezi,” alisema, “kule Omate bwana yako anaitwa Kadogo-wa-taa?”

Uwamwezi aliacha ufagio ukaanguka. Kasoki alikuwa ameshapita; kanuni ilikuwa kanuni. Kwa saa moja na nusu Uwamwezi alisimama barabarani, na Théogène alikaa akijilaumu kwa kumwambia mtu wa nje habari za ndani. Kasoki aliporudi alimkuta bado pale pale. “Njo yeye,” alisema Uwamwezi. “Njo jina lake tangu utoto.” Na Kasoki, akikanyaga mahali pamoja, alimweleza kwamba dereva anayempelekea chumvi Walikale amemwona kwa macho yake: mzima, amekonda, mguu uliumia shimoni, anaona haya kurudi mikono mitupu. “Nilimutumia neno,” alisema Kasoki. “Nilisema, Uwamwezi anangoja mutu, hangoji mizigo. Kama nimekosea unipige, lakini unipigie hapa hapa, nisisimame.”

Uwamwezi hakumpiga. Alikimbia naye mpaka mwisho wa kijiji, na ufagio ukabaki barabarani.

Jumamosi yenyewe ilianza vibaya. Mvua ilinyesha tangu usiku wa manane. Alfajiri, kati ya mvua na mvua, milio ya risasi ilisikika mbali, nyuma ya milima, mara chache, kisha ikanyamaza. Hiyo ya kunyamaza ndiyo watu waliiogopa. Kila nyumba ilifunga vitu vyake. Libérata hakuwasha moto. Malori saba yalikuwa kwenye foleni mbele ya mti, madereva wakimwomba Théogène awafungulie waondoke, naye akitikisa kichwa. Gari moja lingepita, njia ingekatika, na hata mgonjwa asingepita mwezi mzima. Mtaro wa pembeni, ambao Kasoki aliuzungukia siku ile ya kwanza, ulikuwa umejaa maji mekundu yanayokwenda kwa nguvu.

Kapita alikuja. “Akitokea sasa akikimbia,” alisema, “na pikipiki ya Valentin nyuma yake, watu wataona nini? Wataona mwanamke anafukuzwa.” Alitazama mafurushi milangoni. “Watajaa njiani na ng'ombe na batoto. Hatapita.”

Théogène alijua hilo. Alijua pia kwamba akisimama Kingi, kabla hata ya robo ya safari, mabati ya Kitshanga yamekwisha.

Ukungu ulikuwa mzito kiasi cha kutoona nyumba ya pili. Walisikia kwanza injini ya pikipiki, mbali, ikiguruma kwenye matope. Milango ikafunguka. Mtu mmoja akaweka godoro kichwani, na mwingine akamfuata. Ng'ombe wa kwanza alikuwa ameshatolewa barabarani.

Ndipo sauti ikatoka kwenye ukungu, kabla ya mtu, chini kule darajani.

Ilimtaja baba wa nyumba ya kwanza kwa jina. “Mulilala aje? Mutoto wenu wa kikohozi?” Kisha, karibu kidogo, jina la mama wa nyumba ya pili: “Ile paa yako bado inavuja?” Kisha: “Koko Mukamurenzi, ndama alinyonya?”

Haikuharakisha wala haikukatika. Ilipanda mteremko nyumba kwa nyumba, na Théogène aliweza kuufuata mwendo wake kwa vitu vilivyokuwa vikishushwa: godoro likashushwa chini, furushi likashushwa, ng'ombe akavutwa kando. Watu walisogea kwenye vizingiti vyao kungoja majina yao. Kwa kiziwi palikuwa na kimya cha pumzi mbili. Kwa Uwamwezi sauti iliuliza maharagwe, na Uwamwezi akacheka kwa sauti kubwa, huku mumewe aliyerudi wiki ile na mguu wake mbovu akiwa mlangoni.

Kisha akatoka kwenye ukungu, ameloa mpaka mifupani, na nyuma yake Valentin kwenye pikipiki, kofia imelala usoni, na padri amekaa nyuma ya Valentin na daftari ndani ya mfuko wa plastiki.

Hapo ndipo Théogène alipoona mti. Mti ulikuwa umeshushwa, usawa wa kifua cha mtu. Mtaro usingepitika. Kuinama chini ya mti kwa mwili ule, kwenye utelezi ule, ilikuwa kusimama. Valentin alikuwa ameshaona pia. Alinyoosha shingo atazame. Upande wa pili wa mti, wakimwelekea Kasoki, madereva saba walikuwa wameshika usukani.

Katika miaka kumi na mbili Théogène hakuwahi kuuinua mti mvua ikinyesha, hata kwa mwanajeshi. Alifungua kamba. Mti ukapanda. Lori la kwanza likanguruma na kusogea, na Théogène, ambaye hakuwahi kumwinulia mtu sauti, akasimama mbele ya taa zake, mkono mmoja umeshika kamba na mwingine umenyooka mbele.

“Weye hapana,” alimwambia dereva. “Weye uko na magurudumu.”

Kasoki alipita chini ya mti bila kuinama. Pikipiki ikapita. Alipoushusha mti tena, dereva wa kwanza alimtukana kuanzia mama yake hadi bibi yake, na Théogène hakusikia hata neno moja, kwa sababu alikuwa anatafuta jibu la kitu alichoulizwa.

Habari zilirudi na gari lililotoka Kitshanga Jumatatu. Alifika jua likikaribia kuzama. Kilometa za mwisho alikwenda polepole kuliko mtu anayetembea, na Valentin alidai kwamba hiyo si kukimbia, lakini padri alishuka kwenye pikipiki, akainama mpaka kwenye matope kuangalia, akasema miguu yote miwili inaachana na ardhi, basi ni kukimbia. Wakimbizi wa kambi walimzunguka na yeye akaomba kitu kimoja tu, akapewa kiti. Mabati yalipita Kingi baada ya majuma mawili, juu ya Fuso, na kwa kuwa siku hiyo pia mvua ilinyesha, yalikaa mbele ya mti mchana mzima. Théogène alikwenda kuyagusa. Yalikuwa baridi na mengi.

Kasoki alitakiwa kurudi Masisi-centre, na Kingi ilikuwa imetengeneza majibu yake. Ndama alinyonya. Paa bado linavuja. Lakini alikaa Kitshanga kusimamia uezekaji, na kabla mwezi wa nane haujaisha vita vikaifunga barabara. Kingi ilikimbia, safari hii kweli, na Théogène alikaa kwenye kambi ya wakimbizi ya Mugunga na wengine mpaka mwaka uliofuata. Waliporudi, duka la Masisi-centre lilikuwa kuta tupu. Wengine walisema Kasoki yuko Butembo, wengine walisema amefuata biashara ya chumvi hadi Omate. Miaka mingi Mukamurenzi alikuwa akija kwenye bariere kuuliza kama amepita, kwa sababu jibu lake lilikuwa limeshakuwa refu mno na alikuwa anaogopa kulisahau.

Théogène hakumwona tena. Alichobaki nacho ni kile alichoulizwa chini ya mti, mvua ikinyesha, na mwanamke aliyekuwa na kilometa zaidi ya arobaini mbele yake na pumzi ya kuhesabu, aliyegeuza shingo akipita na kumwambia:

“Papa Théogène, na weye mwenyewe, hii njia umeshaifuata mpaka wapi?”